Mguu wa Mzee Ansbert

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, Sajenti Marsiana alikuwa amechutama kwenye lundo la vyuma chakavu, ameshika bomba la alumini mkononi, na mwenye lundo anamcheka.

"Afande, hiro ni bomba ra antena," alisema Celestini, ambaye hununua vyuma vyote vilivyokufa Biharamulo. "Antena ya tivii. Mguu wa mtu nitaununua nikaupereke wapi?"

"Bigirimana alikuletea mzigo lini mara ya mwisho?"

"Arihamisi. Sufuria mbiri na rimu ya baiskeri."

"Jana hakuja?"

"Jana Jumapiri mimi nasari. Na yeye jana si mmemkamata nyie?"

Marsiana alilitupa bomba, likaangukia kifuniko cha sufuria kwa kelele. Aliikung'uta kutu kwenye magoti ya suruali yake ya pekee iliyokuwa safi. Huo ndio uzi aliokabidhiwa na bosi wake, Mkuu wa Upelelezi, Afande Sostenes, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza kazi: Bigirimana anakusanya vyuma chakavu, mguu wa bandia wa Mzee Ansbert ni wa alumini, kuna nini tena cha kupeleleza? Naye Marsiana alikuwa ameufuata uzi mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa antena.

Kisa chenyewe kilianza Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa kukodi, katika hafla iliyoitwa Mlo wa Handaki. Mwenyekiti wake, Mama Joyness, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amebuni chakula cha hisani cha kuwachangia wapiganaji wa zamani wa Vita vya Kagera. Wageni waliingia kwa kuinama kati ya magunia ya mchanga, wakakalishwa kwenye masanduku ya mbao chini ya taa za chemli, wakala ugali wa dona na maharage kwenye sahani za bati, ili waonje shida ya askari. Kuta zilipambwa kwa helmeti, mabuti, vibuyu vya maji na makoti ya jeshi yaliyoazimwa huku na huko. Wageni waliionja shida kwa muda wa saa tatu hivi, wakaipiga picha, kisha wakarudi nyumbani na magari yao.

Askari wenyewe, wazee watano, waliwekwa meza ya nne, karibu na mlango wa jikoni. Mmoja wao alikuwa Mzee Ansbert, mjane anayeishi peke yake, aliyeuacha mguu wake wa kushoto kwenye bomu la ardhini mwaka sabini na tisa. Jioni, kabla sherehe haijafungwa, mvua ilishuka kama imetumwa. Watu wakakimbia. Gari la wazee likaondoka na wazee wanne. Mzee Ansbert, aliyekuwa amesinzia, aliamka ukumbi ni mtupu na mguu wake wa bandia haupo.

Aliyemkuta pale ni Bigirimana, mpishi wa hafla na jirani yake. Mlinzi wa ukumbi alimwona kwenye mvua akikimbia na mzee mgongoni. Asubuhi maneno yakawa yameiva: Mrundi kamvamia mzee, kamvua mguu, kaenda kuuza alumini. Bigirimana amezaliwa hapahapa Biharamulo na ana uraia wake kwenye karatasi, lakini maneno hayasomi karatasi. Mama Joyness akaandika barua ya malalamiko kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, na saa kumi jioni ya Jumapili Bigirimana akawekwa ndani.

Sheria inatoa saa ishirini na nne. Ikifika saa kumi leo, ama aachiwe, ama apelekwe mahakamani. Na kwa sababu mguu haumtoki mtu hivihivi, Afande Sostenes alikuwa ameandika unyang'anyi. Mtu akishapanda kizimbani kwa unyang'anyi, miezi ya mahabusu haihesabiki kwa vidole.

Kwenye lango la kituo, mkewe Bigirimana, Kanyange, alikuwa amesimama palepale aliposimama tangu jana, bakuli la chakula limefungwa kitambaa.

"Afande, amahoro," alimwamkia kwa Kirundi. "Mmeuona huo mguu?"

"Bado, dada."

"Hamtauona kwa mume wangu. Yeye alimbeba tu mzee. Kumbeba mtu siku hizi ni kosa?"

Swali hilo lilimkera Marsiana. Alipita ndani.

Mezani kwake palikuwa na maelezo ya mashahidi arobaini na mmoja. Alikuwa ameyachukua kwa mkono wake jana nzima, na mkono bado ulimuuma. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Hapa wengi walikuwa wameliharibu lote. Sikuona. Sikuona kitu. Mimi kwa kweli afande sikuona. Hata wale wazee wanne waliokaa meza moja na mwenzao walimtazama Marsiana usoni, wakaitikia shikamoo yake vizuri, kisha wakasema hawakuona. Nani atamkaba mzee aliyemwamkia sekunde tano zilizopita?

Mzee Ansbert mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Marsiana alimhoji mara mbili.

"Mzee, mguu ulivuliwa na mtu, au uliuvua mwenyewe?"

"Umechukuliwa. Andika umechukuliwa."

"Ukiwa umeuvaa?"

Mzee alivuta shuka juu ya magoti.

"Na Bigirimana je?"

"Bigirimana alinikuta sina mguu, akanibeba. Hilo nalo liandike."

Aliliandika. Afande Sostenes alilisoma akasema mzee alikuwa amesinzia, anayesinzia anajua nini.

Sasa alianza kuyasoma tena maelezo yote, mara ya tatu, kwa hasira, kama mtu anayerudi kupekua mfuko ambao anajua ni mtupu. Alipofika maelezo ya tisa alisimama. "Sikuangalia chini ya meza." Ya kumi na nne: "Muda wote nilikuwa nimegeukia jukwaani." Ya ishirini na mbili: "Mimi sikuinamisha macho hata mara moja."

Marsiana alirudi juu ya karatasi. Swali lilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe: Je, ulimwona mtu yeyote akimsogelea Mzee Ansbert? Hakuna mahali alipotaja chini ya meza. Hakuna mahali alipomwuliza mtu kama ameinama.

Alichukua karatasi tupu akachora ukumbi. Meza kumi na mbili, duara kumi na mbili. Kila shahidi akamweka alipokaa. Waliokaa meza za mbali walikuwa wamesema sikuona, basi, nukta. Waliokaa meza ya tatu, ya nne na ya tano walikuwa wameeleza mahali ambapo macho yao hayakuwa. Asiyeona kitu hawezi kujua pa kutoangalia. Hawa walikuwa wameona vizuri sana, wakageuza shingo, na kitu chenyewe kilikuwa chini ya meza ya nne.

Yaani mzee aliuvua mwenyewe. Mbele za watu, kwenye sherehe, kigutu nje. Kwa mzee wa heshima zake hiyo ni sawa na kukutwa hana suruali, na waliomwona walikuwa wamemsitiri kwa njia waliyoijua, ya kutoona. Kila mmoja alikuwa na adabu. Adabu zao zote zikijumlishwa, zilikuwa zinampeleka Bigirimana jela.

Alikwenda na mchoro wake kwa Afande Sostenes.

"Kwa hiyo ushahidi wako," alisema Sostenes polepole, "ni kwamba watu hawakuona."

"Ni namna walivyosema hawakuona, afande."

"Ukamwambie hakimu hivyo, tena utaje na jina langu, tucheke wote. Marsiana, niletee mguu. Saa kumi gari linaondoka."

Alitoka akiwa na hamu ya kupiga kitu teke, lakini korido ilikuwa tupu. Badala yake alimpigia simu Clever, mpiga picha aliyekodiwa na kamati, naye akaja na simu yake kubwa na tabasamu lake kubwa zaidi. Alikuwa na picha mia tatu na kumi. Mia mbili zilikuwa za sahani za bati.

"Meza ya nne, Clever."

"Meza ya nne haikuwa na wageni, afande. Ilikuwa ya wazee."

Alipekua mwenyewe. Meza ya nne ilijitokeza mara mbili tu, pembeni, nyuma ya watu waliokuwa wakijipiga picha na helmeti. Katika picha ya kwanza, pembeni ya Mzee Ansbert, kwenye sanduku la meza ya jirani, alikaa mama mmoja wa makamo aliyevaa doti nzima ya kanga ya bluu: kipande kimoja kiunoni, kingine amejitanda mabegani. Katika picha ya pili, saa moja baadaye, cha kiunoni kilikuwepo. Mabega yalikuwa wazi, na mama amejikunyata kwenye sweta jembamba.

"Hapa kulikuwa na baridi?"

"Baridi? Upepo wa mvua ulikuwa umeshaanza. Mimi mwenyewe nilivaa koti la pambo."

Basi ni nani anayejivua kanga wakati baridi ndiyo inaingia? Marsiana alimtazama yule mama akamtambua. Scolastica, wa Nyarubungo, shahidi wa kumi na saba. Sikuona.

Gari la kituo halikuwa na mafuta, wala hakushangaa. Alipanda pikipiki yake mwenyewe, na saa nne alikuwa Nyarubungo, kwenye uwanja uliofagiliwa, ambapo Scolastica alikuwa akipepeta maharage. Kipande kimoja cha kanga ya bluu kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kwa habari za mkwe wangu, nilishasema. Sikuona."

Hapo ndipo Marsiana alipojilaumu. Mkwe! Kijana wa Scolastica amemwoa binti wa Ansbert, wako Kahama huko na watoto wao, na yeye jana hakuuliza huyu mama ni nani kwa mzee. Alikuwa ameandika umri, dini na kazi, mkulima.

"Sikuja kwa habari zake," alisema, akivuta kigoda. "Nimekuja kwa habari za kanga."

Ungo ulisimama, kisha ukaendelea.

"Kanga imefanyaje?"

"Iko moja kambani. Mwenzake yuko wapi?"

"Niliiacha ukumbini."

"Juu ya meza au chini?"

"Mwanangu, wewe kwenu wapi?"

"Mabawe, Ngara."

"Kwenu Mabawe hakuna wakwe?"

"Wapo, mama. Ndiyo maana naulizia kanga tu."

Scolastica aliuweka ungo chini. Aliokota jiwe dogo katikati ya maharage, akalitupa, akaokota jingine.

"Ilikuwa chini," alisema. "Imefunika. Ilichofunika sitakitaja mpaka naingia kaburini. Mtu akiona kitu kwa mkwe wake, anakifunika na kunyamaza."

"Kilikuwa kimeshatolewa wakati unafunika?"

"Hotuba ya mwenyekiti ilikuwa ndefu, mwanangu. Ndefu sana. Kinachobana kinauma."

"Kuna aliyemlazimisha?"

"Nani amlazimishe? Sisi tulikuwa tumegeukia jukwaani wote."

"Na mvua ilipokuja?"

"Nilikimbia na wenzangu. Kanga yangu niliikumbuka mlangoni. Lakini ningerudi kuichukua, si ningemfunua?"

Marsiana aliandika, akiiangalia kalamu isije ikaandika kisichotamkwa. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Mama, kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya kanga hii. Tangu jana."

"Nilisikia," alisema Scolastica, na sauti yake ilipungua. "Watu walisema ni yule Mrundi. Nikasema watamwachia tu, si hana kitu. Ningesimama mbele ya watu niseme nini? Nianzie wapi?"

Alitia dole gumba kwenye maelezo ya kanga. Hayakutaja mguu hata mara moja, lakini ndiyo maelezo pekee yaliyokuwa na maana katika jalada zima.

Jana alipokagua ukumbi hakuona kanga yoyote. Sasa nani aliiokota? Si Bigirimana, maana angeichukua alumini na kuacha kitambaa. Marsiana alisimama chini ya jua akijaribu kufikiri kama mtu anayesafisha ukumbi kwa haraka, mvua inapiga bati, watu wamekimbia. Angebeba nini kwanza? Angebeba vilivyo vyake. Akampigia Uwase, mpambaji wa hafla.

"Uwase, wakati watu wanakula, mapambo yako ya chini uliyaachaje?"

"Niliyafunika, afande. Mchuzi wa maharage hautoki kwenye mabuti."

"Ulitumia nini kuyafunika?"

"Nilichokuwa nacho. Vitenge, kanga, mashuka."

"Na kuondoka?"

"Nilibeba kila kilichofunikwa, nikatupia kwenye Fuso. Mvua ile ungehesabu saa ngapi? Mbona unaniuliza, kuna kilichopotea?"

"Uko wapi sasa?"

"Mbuba. Jumamosi tuna Mlo wa Handaki mwingine huku. Mama mwenyekiti naye yupo."

Uwase alikuwa bado anaongea wakati Marsiana anawasha pikipiki.

Njia ya Mbuba ilimfundisha subira ambayo hakuwa na muda nayo. Malori ya kwenda Rusumo yalimmiminia vumbi mpaka meno yakawa na mchanga. Saa saba na nusu aliingia ukumbini Mbuba, akainama kati ya magunia yaleyale ya mchanga. Akauona.

Ulikuwa umesimama juu ya meza ya mapokezi, umetandikiwa kanga ya bluu. Buti limepigwa rangi likang'aa. Ndani ya kikombe chake, pale ambapo kigutu cha Mzee Ansbert huingia, mtu alikuwa ametia maji na kupanga maua mekundu na meupe. Mbele yake palikuwa na kadi: Tuwakumbuke Mashujaa Wetu.

"Umependeza, eh?" Uwase alikuja akijifuta mikono. "Huu ndio watu wataupiga picha kuliko vyote. Sijui hata nani aliuazima, haumo kwenye orodha yangu."

"Hukujiuliza ni wa nani?"

"Kila kitu kilikuwa cha vita, afande. Nilijua ni wa vita."

Marsiana hakuweza kumgombeza. Mama Joyness alitokea nyuma ya jukwaa, miwani imening'inia kifuani, akiwa mwalimu mkuu bado kuanzia kichwani mpaka viatuni. Amewafundisha nusu ya polisi wa wilaya, Sostenes mmojawapo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mmeshampeleka yule mahakamani?"

"Mwalimu, huu ni mguu wa Mzee Ansbert."

Mama Joyness alivaa miwani. Aliutazama mguu, akaitazama kadi, akamtazama Uwase. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu mwenye aibu ya kweli, kisha ukajipanga.

"Kumbe haukuibwa. Mungu mkubwa. Unaona, hakuna kilichoharibika."

"Kuna mtu amelala mahabusu kwa barua yako."

"Mimi niliandika nilivyoambiwa na mlinzi. Kupeleleza ni kazi yenu." Akaushika mguu, akarekebisha ua moja lililoinama. "Lakini Sajenti, hebu fikiri. Jumamosi si mbali. Wageni wataguswa sana wakijua ni wa kweli. Tuazimeni mpaka Jumamosi, kisha tumrudishie kwa heshima, hapa jukwaani, watu wakiona. Fedha yote si ni kwa ajili yao?"

Marsiana aliyatoa maua yote kwa mkupuo mmoja, akayaweka mezani. Akaubeba mguu mpaka nje, akaupindua, maji yakamwagika kwenye vumbi. Alilotaka kusema halisemwi kwa mtu uliyempa shikamoo. Akaufunga kwa ile kanga nyuma ya pikipiki.

Saa kumi kasorobo aliuweka mbele ya Afande Sostenes, pamoja na maelezo ya kanga.

"Nataka kufungua jalada la taarifa ya uongo," alisema. "Mlinzi, na aliyeandika barua."

Sostenes aliugusa mguu kwa ncha ya kalamu. Bado ulikuwa na unyevu.

"Fungua. Ni haki yako. Lakini ukifungua, hiki ni kielelezo. Kinafungwa lebo, kinaingia stoo, kinasubiri kesi iishe."

"Iishe lini?"

"Wewe si mgeni wa kazi hii."

Nje, gari la mahakamani lilikuwa limeshawashwa. Marsiana alisimama na kalamu mkononi. Akiandika kosa, mzee anakaa bila mguu. Akiandika hakuna kosa, mguu unarudi leo, na hakuna atakayemwuliza mtu yeyote kwa nini Bigirimana alilala sakafuni. Alichukia kwamba sheria ilikuwa imempa njia mbili na zote chungu. Aliandika: Mali imepatikana. Hakuna kosa lililotendeka. Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kwenye nukta.

Bigirimana alitolewa akishikilia suruali kwa mkono. Alirudishiwa mkanda, kamba za viatu na simu iliyoisha chaji, akasaini alipoonyeshwa. Alikuwa mtu mpana, mtaratibu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kanyange aliitwa kutoka langoni akasimama mlangoni na bakuli lake, hajui kama aingie.

"Uko huru," alisema Marsiana. "Mguu umepatikana, hukuhusika. Pole sana kwa usumbufu." Alilisikia neno usumbufu likitoka kinywani mwake, akatamani kulirudisha.

Bigirimana aliuangalia mguu juu ya kaunta. Hakuuliza ulikuwa wapi wala nani aliuchukua. Aliuliza kitu kingine, kwa upole, kama anauliza njia.

"Afande, tangu jana mzee anabebwa na nani kwenda chooni?"

Sostenes aliinamia kitabu cha zamu. Marsiana alikuwa amemhoji mzee mara mbili. Alimwuliza saa, rangi ya buti, na jina la aliyembeba kwenye mvua, na mara zote mbili alimkuta kwenye kiti kilekile, akamwacha palepale.

"Sijui," alisema. "Sikuuliza."